Mgeni wa Usiku Bustanini: Huruma kwa Kalunguyeye Yahitaji Elimu

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyekijaalia kila kiumbe riziki yake na makazi yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Maswahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wiki hii ukurasa wetu unajibu swali lililoletwa na mama mmoja wa mtaani kwetu baada ya darsa la wanawake. Alisema kuwa tangu mvua zilipoanza, kalunguyeye huja karibu kila usiku kwenye bustani yake ndogo ya mchicha, muda mfupi baada ya swala ya Isha. Wanawe wamempenda, na humwekea maziwa ya ng'ombe katika kisahani. Jirani amemshauri amuue, kwani huyo ni nungu na atamaliza mihogo ya watu. Naye mpwa wake, kijana wa sekondari, anataka kumfunika kwa beseni ili amfuge. Mama huyu akauliza: katika haya matatu, lipi ni la sawa mbele ya Allah, na lipi lina manufaa kwa mnyama mwenyewe?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililo la sawa. Jirani amemdhania mnyama kosa lisilo lake. Kijana amempenda kwa namna itakayomdhuru. Na watoto, Allah awajaze kheri kwa nia yao, wamemkirimu mgeni kwa kitu kinachoweza kumuua. Dini yetu imetuamuru kutenda wema kwa kila kitu, na wema hautimii kwa nia peke yake. Daktari mwenye huruma asiyejua dawa ni hatari kwa mgonjwa wake. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kuwahurumia wanyama bila kujua wanavyoishi.

NI NANI HUYU MGENI?

Tuanze na madai ya jirani, kwa kuwa kuhukumu bila kuthibitisha ni dhulma hata kwa mnyama. Wengi wetu huwachanganya kalunguyeye na nungunungu kwa sababu wote wana miiba. Hakika ni wanyama wawili walio mbali kwa asili na kwa tabia. Nungunungu ni mnyama mkubwa wa jamii ya panya. Uzito wake hupita kilo 10, miiba yake ni mirefu, na meno yake ni ya kutafuna. Huyo ndiye mchimbaji wa mihogo, viazi na mizizi, na ndiye mla mahindi shambani.

Kalunguyeye ni kiumbe kidogo kinachoweza kuenea katika viganja viwili vya mtu mzima. Aliye wengi katika nyika za Kenya na Tanzania ana vidole vinne katika kila mguu wa nyuma, tumbo lenye manyoya meupe, na miiba mifupi isiyozidi urefu wa kifundo cha kidole. Uzito wake kwa kawaida haufiki hata kilo moja. Anapotishwa hajui kukimbia mbali wala kushambulia. Hujikunja kama mpira na kusubiri rehema ya Mola wake.

Chakula chake ni wadudu: mende, mchwa, jongoo, viwavi, nyungunyungu na konokono, na mara nyingine hata nge. Matunda yaliyoanguka huyaonja kidogo. Kwa hiyo mchicha ulipotobolewa usiku, yeye alikuwa akimtafuta aliyeutoboa. Ni mlinzi asiyelipwa ujira, na jirani anataka auawe kwa kosa la mwingine.

Wapo pia wanaomwinda kwa ajili ya ngozi na miiba yake, wakiamini kuwa huleta baraka ya mavuno au kinga ya nyumba. Muislamu hana haja ya kurefusha maneno hapa. Baraka na kinga hutoka kwa Allah peke yake, na kuzitundika itikadi hizo katika mwiba wa mnyama ni mlango wa shirki.

KISAHANI CHA MAZIWA

Sasa tuje kwa watoto. Kalunguyeye hunyonya maziwa ya mama yake akiwa mchanga, lakini baada ya kuachishwa tumbo lake halina uwezo wa kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Atayanywa kwa pupa, hasa akiwa na kiu, kisha ataharisha. Mnyama mwenye uzito wa nusu kilo akiharisha usiku kucha hupoteza maji mengi ya mwili wake, na anaweza kufa chini ya kichaka pasipo mtu kujua. Mwenye kumwekea maziwa ataona kisahani kitupu asubuhi na kumshukuru Allah kuwa mgeni ameshiba.

Hebu tuizingatie hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Huraira (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo kwa kiu. Mtu yule aliteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akaishika kwa mdomo wake akapanda, akamnywesha. Allah akampokelea amali yake na kumsamehe. Maswahaba walipouliza kama wana ujira katika wanyama, Mtume (SAW) akawafahamisha kuwa kila chenye uhai kina ujira kwa mwenye kukitendea wema. Mtu yule hakutafuta kitu cha fahari. Aliitambua haja ya mbwa kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuionja kiu, akampa kile hasa alichokihitaji, nacho kilikuwa maji.

Basi wanaotaka thawabu kwa kalunguyeye na waweke maji safi. Chombo kiwe kipana na kifupi, maji yasizidi kina cha vidole viwili, na ndani yake liwekwe jiwe ili mdudu au mtoto wa kalunguyeye akitumbukia apate pa kupandia. Maji yabadilishwe kila jioni na chombo kisuguliwe. Hakuna sadaka rahisi kuliko hii, na wakati wa kiangazi haina mbadala.

Chakula kwa kawaida hahitaji kutoka kwetu, kwani Allah amemtandazia riziki ardhini. Ikiwa ukame ni mkali na mnyama anaonekana kudhoofu, apewe kipande kidogo cha yai lililochemshwa au nyama iliyopikwa bila chumvi, pilipili wala viungo. Mkate, wali, ugali, maandazi na mabaki ya pilau havimfai. Na kitakachobaki kiondolewe alfajiri, kisije kikakaribisha panya na siafu.

BESENI NA NDOO

Kijana anayetaka kumfuga pengine ameona picha za kalunguyeye wakiishi ndani ya nyumba huko Marekani na Ulaya. Ni kweli kuwa wengi wa wale wanatokana na jamii hii hii ya Afrika, lakini wamezalishwa katika mikono ya watu kwa vizazi vingi. Aliyekamatwa bustanini ni mnyama wa porini. Kumfunika kwa beseni ni kumtenga na mawindo yake, na huenda ni kuwatenga watoto na mama yao, kwa kuwa kalunguyeye jike huzaa watoto wanne au watano kwa wastani, nao huzaliwa vipofu na hukaa wiki mbili hadi tatu kabla ya kufumbua macho. Aidha, sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa vibali katika ukamataji wa wanyama wa porini, na Muislamu hutakiwa kuheshimu utaratibu wa nchi yake katika mambo ya kheri.

Hapa tunakumbuka hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyosimuliwa na Ibn Umar (RA). Alimfungia hadi akafa; hakumlisha, wala hakumwacha atoke akale wadudu na vijidudu vya ardhini. Anayesoma hadithi hii aitazame sehemu hiyo ya mwisho. Kumwachia mnyama njia ya kuifikia riziki aliyoumbiwa nayo ni haki, na kwa kalunguyeye riziki hiyo ni wadudu hao hao wa ardhini. Ndoo haina mchwa.

Wazazi wawaangalie pia vijana wanaompiga kalunguyeye kwa mawe ili waone kama atajikunjua. Ibn Umar (RA) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfanya ndege kuwa shabaha ya mishale yao. Walipomwona wakatawanyika, naye akawafahamisha kuwa Mtume (SAW) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Mchezo wa mtoto wa leo ndio tabia yake ya kesho.

HATARI AMBAYO HAKUNA ALIYEITAJA

Mama yetu alitaja maziwa, panga na beseni. Hakutaja moto, nasi tunaona kuwa hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote.

Desturi ya mitaa yetu ni kufagia majani, kuyalundika pembeni mwa ua na kuyaacha siku kadhaa yakauke, kisha kuyachoma jioni moja. Kwa mwanadamu lile ni lundo la taka. Kwa kalunguyeye ni nyumba iliyojengwa tayari, yenye giza, joto la kadiri na wadudu wa kula. Mchana kutwa hulala humo. Moto unapowashwa hakimbii, kwa sababu silaha yake ya pekee ni kujikunja. Miiba inayomkinga na mbwa haimkingi na moto.

Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kutoka kwa Ibn Mas'ud (RA) kuwa Maswahaba wakiwa safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akitandaza mbawa zake. Mtume (SAW) alipofika akauliza ni nani aliyemsononesha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warejeshwe. Katika safari hiyo hiyo akaona kichuguu cha sisimizi kilichochomwa moto, akakemea na kuwafunza kuwa haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. Ikiwa haya yalisemwa kwa sisimizi, tufikirie lundo ambalo ndani yake yumo mama na watoto wanne wasioona.

Hatudai kuwa anayechoma taka bila kujua ana dhambi ya mwenye kukusudia. Tunasema kwamba baada ya kujua, uangalizi unakuwa wajibu wetu. Kamati ya msikiti wetu imewaagiza vijana wanaosafisha ua kila Alhamisi kwamba majani yaachwe yaoze yawe mbolea ya miti, na pale inapolazimu kuchoma, lundo lihamishiwe mahali pengine siku hiyo hiyo, kwa mkono au reki na taratibu, kabla ya kiberiti kuwashwa. Tusitumie uma wala jembe kulichoma lundo katikati. Akionekana kalunguyeye na watoto wake, wafunikwe tena kwa majani yale yale na lundo liachwe wiki kadhaa, kwani mama akisumbuliwa sana anaweza kuwatelekeza au hata kuwaua wanawe.

Pamoja na moto, ipo sumu. Sumu ya panya, sumu ya konokono na dawa za kuua wadudu humfikia kalunguyeye kupitia tumbo la alichokila. Panya wazuiwe kwa kufunika nafaka na taka, na kwa mitego iliyowekwa ndani ya nyumba. Bustani ya mboga za nyumbani inaweza kukaguliwa kwa mkono asubuhi, na viwavi wakaokotwa.

Kisha kuna mashimo: shimo la takataka, msingi wa nyumba iliyosimama ujenzi, karo lisilo na mfuniko, mtaro wenye kingo za saruji. Mnyama mwenye miguu mifupi akitumbukia humo hana njia ya kutoka. Mfuniko ni bora, kwani humlinda pia mtoto wa binadamu. Palipokosekana, ubao wenye mkwaruzo ulazwe mshazari kutoka chini hadi juu. Nyavu za kuzuia kuku zinyanyuliwe kidogo kutoka ardhini zisimnase miiba.

Huenda mtu akasema kalunguyeye wapo wengi, hawajaisha. Ni kweli kuwa jamii hii ya kwetu haijatajwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Lakini huko Uingereza kalunguyeye wa kwao alikuwa mgeni wa kawaida wa bustani, na mwaka 2020 aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini nchini humo. Leo watu wake hutoboa tundu za sentimita 13 chini ya uzio ili apate pa kupita. Ni wepesi kuilinda neema ikiwepo kuliko kuitafuta ikiondoka.

AKIONEKANA MGONJWA

Kalunguyeye mwenye afya hutoka usiku na hujikunja anapoguswa. Anayezurura mchana wa jua kali, anayeyumba, asiyejikunja, mwenye kupe wengi, nzi wanaomzonga, au ngozi yenye magamba na miiba inayopukutika, huyo yumkini ni mgonjwa. Avae mtu glavu au ashike kitambaa kizito, amweke katika boksi refu lenye matundu na nguo kuukuu, mahali penye kivuli na kimya, pamoja na maji kidogo. Kisha aitwe daktari wa mifugo wa kata, au ziarifiwe mamlaka za wanyamapori. Kupe wasipakwe mafuta ya taa, na dawa ya kuogeshea ng'ombe isimkaribie. Vipimo vya ng'ombe ni mauti kwake.

Mambo mawili huwadanganya watu. La kwanza, katika kiangazi kikali kalunguyeye huweza kujificha na kutulia kwa muda mrefu, mwili ukiwa umepoa, kwa sababu chakula ni haba. Asizikwe wala kutupwa kwa kudhaniwa mzoga. Afunikwe majani na aachwe. La pili, anapokutana na harufu ngeni hutafuna kitu hicho mpaka mate yatoke povu, kisha hujipaka povu hilo kwenye miiba. Mtu asiyejua hudhani ni kichaa. Hiyo ni tabia yake ya maumbile. Hata hivyo, aliyeng'atwa na mnyama yeyote wa porini asidharau: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

VIPI KUHUSU TWAHARA?

Mama yetu aliuliza pia kama nguo ya mtoto aliyemgusa kalunguyeye inafaa kuswalia. Katika madhehebu ya Imam Shafi, wanyama wote walio hai ni twahara isipokuwa mbwa na nguruwe na kizazi chao. Kumgusa hakuharibu udhu wala nguo. Kinyesi chake ni najisi, hivyo kikigusa nguo au sakafu kioshwe. Ama kumla, wanavyuoni wamekhitalifiana: Shafi wamemhalalisha na Hanafi wamemkataza. Anayehitaji ufafanuzi zaidi na amwendee sheikh wake.

Kwa upande wa afya, watoto wasimshike kwa mikono mitupu. Anaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa tumbo na vya choa kwenye miiba yake. Kisahani chake kisioshwe pamoja na vyombo vya jikoni, na kila mtoto anawe mikono kwa sabuni.

USHAURI WETU KWA FAMILIA

Allah (SW) ametufahamisha katika Suratul An'aam, aya ya 38, kuwa wanyama wanaotembea ardhini na ndege wanaoruka ni umma kama sisi. Umma una makazi, uzazi na riziki. Tukilielewa neno hilo, tutajua kuwa kalunguyeye hakuvamia bustani yetu. Sisi na yeye tumekutana katika ardhi ya Mola mmoja.

Kwa mama aliyetuuliza, ushauri wetu ni huu. Maziwa yamwagwe na maji yawekwe mahali pake. Jirani aelezwe kwa upole tofauti ya kalunguyeye na nungunungu, na ikiwezekana akaribishwe jioni moja amwone akila mende. Kijana apewe jukumu la kubadilisha maji na kufunika shimo la taka, maana mwenye shauku ya kufuga hufaa sana kuwa mlinzi. Na baba wa nyumba, kabla ya kuchoma majani, alihamishe lundo kwa mikono yake huku wanawe wakitazama. Watajifunza hapo kuhusu rehema mambo ambayo darsa zetu nyingi hazikuwafikishia.

Tunamuomba Allah (SW) azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa amani kwa wakazi wake na kwa viumbe wanaozipitia, atupe elimu yenye manufaa na nyoyo zenye huruma, na aturehemu siku ambayo tutakuwa wahitaji wa rehema zake kuliko kiumbe yeyote. Aamin.

Wabillahi tawfiq.